Uzi maalumu: Hakone Ekiden, kilomita 217 za kupokezana na mji mzima uko barabarani

#1 Mkazi wa Odawara

Wakuu, heri ya mwaka mpya.

Kwenye ule uzi wa marathoni za Dar kuna mdau aliandika kwamba Wajapani hawajui kushangilia, eti ukienda kwenye mbio zao utadhani uko msibani. Niliahidi kumjibu kwa uzi unaojitegemea. Wiki hii ndiyo yake, maana Hakone Ekiden imepita hapa kwetu na sauti yangu bado haijarudi.

Kwa asiyeifahamu: kila tarehe 2 na 3 Januari timu za vyuo vikuu vya ukanda wa Tokyo zinatoka Otemachi, katikati ya jiji, mbele ya jengo la gazeti la Yomiuri, zinakwenda hadi Ziwa Ashi kule juu kwenye milima ya Hakone. Zinalala. Kesho yake zinarudi. Jumla ni kilomita 217.1. Kila timu ina wakimbiaji kumi, watano wa kwenda na watano wa kurudi, na kila mmoja anamaliza zaidi ya kilomita 20 peke yake. Kwa hiyo mtu akikwambia mbio za kupokezana usifikirie vijiti vya UMISSETA, ile michezo ya sekondari. Na hawapokezani kijiti. Wanapokezana mshipi wa kitambaa wenye rangi ya chuo, unaovaliwa begani ukapita kifuani, wenyewe wanauita tasuki. Unalowa jasho la wa kwanza, la pili, la tatu, hadi wa kumi.

Sasa sherehe. Pale Otemachi mbio zinaanza saa mbili kamili asubuhi, lakini watu wameshajaa kabla jua halijachomoza vizuri. Kila chuo kina kona yake: matarumbeta, ngoma kubwa, wasichana wa kushangilia waliovaa sketi fupi kwenye baridi ya Januari (sijui wanatengenezwa na nini), na vijana wa kikundi cha hamasa waliovaa sare nyeusi za kizamani zenye vifungo hadi shingoni. Hao wa sare nyeusi hawacheki hata kidogo. Wanasimama wameganda, kiongozi wao anapiga kelele moja ya kupasua koo, halafu mikono yote inakwenda pamoja. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Tokyo ndio kiboko yao: wanacheza wameshika figili nyeupe mbichi, ndefu kama mkono wa mtu mzima, moja kila mkono, na wazee wa miaka sabini waliosoma pale wanaungana nao. 2024 walirudi kwenye mashindano kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi, na zile figili zilipoinuliwa watu wa vyuo vingine nao walishangilia.

Mimi lakini si mtu wa Otemachi. Mimi nasimama huku Odawara, kwenye kituo cha mwisho cha kupokezana kabla mlima haujaanza. Kiko mbele ya duka kubwa la kamaboko, ile nyama ya samaki iliyosagwa ikapikwa kwa mvuke, pinki na nyeupe, ambayo Mjapani lazima aile mwaka mpya. Watu wanafika asubuhi na viti vya kukunja, mablanketi, mbwa waliovalishwa masweta ya rangi ya chuo. Kuna watu wanagawa vibendera vya karatasi bure. Mzee wa pembeni yangu alikuwa na redio ndogo sikioni na kazi yake aliyojipa ni kututangazia: nani anaongoza, nani ameanza kushika ubavu. Hanijui simjui, kanipa chungwa.

Halafu unasikia helikopta. Hapo hakuna anayehitaji kuambiwa. Viti vinakunjwa, watoto wanapandishwa mabegani. Zinapita pikipiki nyeupe za polisi, linapita gari la matangazo, na kituoni kipaza sauti kinataja majina ya vyuo kwa mfuatano wa wanaokaribia ili wapokeaji wasogee kwenye mstari. Kijana anatokea kwenye kona, ameshauvua mshipi begani, ameukunja kwenye ngumi. Anaunyoosha kwa mikono miwili. Mwenzake anaondoka nao. Yeye anaanguka, wanamfunika taulo, lakini kabla hawajamwondoa wengi wanageuka kwanza na kuinamia barabara waliyotoka. Umati unalipuka. Sekunde tano, sita, imekwisha. Unasubiri anayefuata.

Mpaka wa mwisho anapita, hakuna anayeondoka. Hilo ndilo lililonifanya niipende hii kitu. Nimeona marathoni nyingi ambazo mshindi akipita tu watu wanaelekea kwenye nyama choma. Hapa yule wa ishirini anapigiwa makofi ya peke yake, barabara nzima ni yake.

Naomba kuwasilisha. Maswali karibu.

#2 Kijana wa Ubungo

Kiti cha mbele. Tupia picha mkuu, hasa hizo figili.

#3 Ndevu za Babu

Kwa hiyo mtu anasimama masaa matatu kwenye baridi, anapewa chungwa na mzee asiyemjua, ili aone mtu anapita sekunde tano? Na hana hata timu? Mimi tarehe 2 Januari nimelala, nadaiwa na watu wa Krismasi.

#4 Mkazi wa Odawara

@Ndevu za Babu hahaha, hata huku wapo wa aina yako, na ndio wengi. Wamekaa nyumbani miguu imeingizwa chini ya ile meza yenye hita na blanketi, wanakula vyakula vya mwaka mpya vilivyopikwa tangu juzi ili mtu asiingie jikoni, na runinga iko kwenye Hakone kuanzia asubuhi hadi mchana, siku zote mbili. Nippon Television wanaonyesha mubashara tangu 1987. Bibi akitaka kuiona ni Hakone, baba akisinzia ni Hakone. Mwaka 2021, wakati wa corona, waandaaji waliwaomba watu wasije barabarani. Barabara zikawa kimya kuliko kawaida, na siku ya pili runinga ikavunja rekodi ya watazamaji: asilimia 33.7 kwa ukanda wa Tokyo.

Na bahati mbaya kwa waliobaki nyumbani, ndio mwaka ule ambao Soka, chuo ambacho hakijawahi kushinda, kilikuwa kinaongoza hadi kipande cha kumi, yaani cha mkimbiaji wa mwisho, zaidi ya dakika tatu mbele, na Komazawa wakawashika zikiwa zimebaki kama kilomita mbili kufika. Kwenye gari nyuma ya mkimbiaji wa Komazawa alikuwa kocha Oyagi na kipaza sauti chake. Huyo mzee alikuwa na maneno yake ambayo Japani nzima inayajua: "Wewe ni mwanaume, au siyo!" Kila timu ina gari la kocha nyuma ya mkimbiaji, na barabarani watu wanawasubiri makocha nao. Wengine wanaita jina la kocha kabla ya jina la mkimbiaji.

Na si kweli kwamba unaona mara moja tu. Reli inakwenda sambamba na njia. Kuna watu wanatazama kuanza Otemachi, wanakimbilia treni, wanashuka Totsuka kuwaona tena, wanapanda, wanashuka Hiratsuka, hadi Odawara. Mabehewa yamejaa watu wa kofia za rangi moja wanaotazama saa. Ni mbio ndani ya mbio.

#5 Mwalimu wa Manyoni

Wadau, mleta mada anatusimulia kana kwamba sisi hatujawahi kuona. Mbona Mwenge mnausahau?

Mwenge wa Uhuru uliwekwa juu ya Kilimanjaro usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 na Luteni Alexander Nyirenda. Tangu 1964 unakimbizwa nchi nzima, mkoa hadi mkoa, wilaya hadi wilaya, unapokelewa mpakani na kukabidhiwa, na siku hizi kilele chake ni tarehe 14 Oktoba, siku tunayomkumbuka Mwalimu Nyerere. Ukitaka kupokezana kwa umbali mrefu, hiyo hapo. Kilomita 217 zenu ni za wilaya moja.

Na sherehe? Muulize mwalimu yeyote wa shule ya msingi. Halaiki tunaifundisha wiki nzima uwanjani juani. Siku yenyewe vumbi linaonekana mbali, wamama wa kata wamevaa sare za kitenge, ngoma ya Wagogo upande huu, brassbendi ya shule upande ule, na mkesha usiku kucha na spika za kukodi. Mambo ya mkesha wa Mwenge sitayaandika hapa, uzi una watoto.

#6 Kitunguu Swaumu

Miezi tisa baadaye zahanati inajua 😂😂

#7 Ndevu za Babu

Mwalimu, sawa, lakini kwenye Mwenge hakuna anayeshindwa. Umefika umefika. Hata ungechelewa mgeni rasmi anasubiri. Na wanafunzi wako hawakuja kwa hiari yao, waliletwa.

#8 Mwalimu wa Manyoni

Waliletwa asubuhi. Usiku walibaki wenyewe. Sherehe haiulizi ulikujaje.

#9 Jirani wa Kaptagat

Nimesoma hadi hapa nikaona hakuna aliyetaja watu wetu. Hiyo Hakone sisi Wakenya tunaijua tangu mimi nikiwa shule.

Mwaka 1989 chuo cha Yamanashi Gakuin kilileta wanafunzi wawili Wakenya, Joseph Otwori na Kennedy Isena. Ndio Wakenya wa kwanza Hakone. Otwori akapewa kipande cha pili, kile wanachoweka nyota wa timu, akapita watu saba. Mwaka 1992 hicho chuo kikachukua kombe. Kikachukua tena 1994 na 1995, na wakati huo alikuwepo Stephen Mayaka, ambaye baadaye alichukua uraia wa Japani na kuwa kocha wa chuo cha Obirin. 2009, Daniel Gitau wa chuo cha Nihon aliupokea mshipi timu ikiwa ya 22 na akaukabidhi ikiwa ya 2. Watu ishirini kwa kipande kimoja! Halafu Vincent Yegon wa chuo cha Tokyo Kokusai aliweka rekodi kwenye vipande vitatu tofauti: cha tatu 2020, cha pili 2021 kwa saa 1:05:49, na cha nne 2023 kwa saa moja kamili. Ile ya kipande cha pili ikavunjwa 2025 na Richard Etir wa chuo hichohicho, 1:05:31. Kijana kwa kijana.

Hata marehemu Samuel Wanjiru alipitia mbio hizi ngazi ya sekondari, pale Sendai, kabla ya dhahabu ya marathoni Beijing 2008.

Swali langu kwa mleta mada: hao watu wa vibendera wakimwona Mkenya anawapita watoto wao kumi na tano, wanashangilia pia? Niambie ukweli bila adabu za Kijapani.

#10 Mkazi wa Odawara

@Jirani wa Kaptagat ukweli ni kwamba inategemea unamuuliza nani na mwaka gani.

Miaka ile ya mwanzo manung'uniko yalikuwepo, kwamba chuo kidogo kimenunua ushindi. Kanuni ya sasa inaruhusu mwanafunzi mmoja tu wa kigeni kukimbia kwa kila timu. Ila barabarani ni kitu kingine. Mtu akianza kupita wenzake, umati unahesabu. Kwenye kilima cha Gontazaka kule Yokohama, ambacho ndicho kinachowamaliza watu wa kipande cha pili, Mkenya akitokea na wengine watatu mbele yake wamekwisha pumzi, kelele zinapanda kuliko za anayeongoza. Nimesikia kikongwe akiita "Yegon-kun, ganbare," yaani jikaze, kama anamwita mjukuu.

Kinachonikera mimi ni watangazaji. Kijana wa Kijapani akipita wanakueleza alivyolelewa na mama yake, majeraha yake, ahadi aliyompa nahodha. Mkenya akipita wanakueleza kasi yake. Huyo naye ana mama.

#11 Jirani wa Kaptagat

Hapo umesema. Na anakaa bwenini nao, anaamka saa kumi na moja asubuhi nao, anaosha vyombo nao.

#12 Binti Likoni

Assalaam aleikum wenzangu. Mie nataka kumjibu huyo wa juu alosema kwetu mshindi akipita watu huenda kwenye nyama choma. Huyo hakuwepo Mombasa tarehe 24 Machi 2007.

Mbio za nyika za dunia zililetwa kwetu, pale uwanja wa gofu, kando ya bahari. Jua la Machi mwalijua lenyewe. Watu walijaa mpaka sehemu za kukaa hazikutosha, na kelele zikawa hazina mapumziko. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa hashindiki, joto lilimshinda akatoka kwenye mzunguko wa mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua. Sikiza basi: Mkenya hakushinda mbio za wanaume wakubwa siku ile, na watu hawakwenda nyumbani. Wavuvi, wauza madafu, wanafunzi wa madrasa, wote walikuwa wanamuita Tadese kwa jina wamelijua dakika ile ile.

Kwa hivyo si kwamba hatuna moyo wa kushangilia. Ni kwamba zile mbio zilikuja mara moja zikaenda. Hao wenzetu huijua tarehe yao tangu babu zao. Mtu akizaliwa yaipata pale pale.

#13 Kijana wa Ubungo

Binti Likoni kamaliza kazi.

#14 Msela wa Portland

Nipo Oregon huku, acha niweke ya kwetu kwa ufupi, maana ni sherehe ya sampuli nyingine kabisa. Inaitwa Hood to Coast. Inaanzia Timberline, juu kwenye Mlima Hood, inaishia ufukweni Seaside, kama kilomita 315 hivi, mwishoni mwa Agosti. Ilianza 1982 na timu nane tu, leo timu ni zaidi ya elfu moja. Timu ina watu kumi na wawili, kila mtu anakimbia mara tatu, mchana, usiku, na asubuhi inayofuata. Mnakaa kwenye vani mbili, moja ina watu sita wanaokimbia, nyingine imetangulia inajaribu kulala.

Hapa hakuna wa kusimama barabarani na bendera. Wanaokimbia ndio wanaoshangiliana. Vani zimechorwa, zimebandikwa mikia ya farasi, taa za Krismasi, na majina ya timu ambayo nikiyatafsiri hapa nitafungiwa. Usiku mnakimbia mmevaa fulana za kuakisi mwanga na taa kichwani, porini, huku vani za watu msiowajua zinapiga honi na kuuliza kama una maji. Watu wanalala kwenye nyasi uwanjani, mia kwa mia. Harufu ya hizo vani asubuhi ya pili sitaisimulia. Kisha unafika Seaside na timu nzima inaingia nawe mstarini kwenye mchanga, bia, muziki.

Nikiilinganisha na ya mleta mada: huku hakuna anayejali umekuwa wa ngapi. Nadhani ndiyo maana wote wanacheka.

#15 Mkazi wa Odawara

@Msela wa Portland, hapo ndipo tofauti ilipo, na ndilo nililotaka kulisema tangu mwanzo ila nilikuwa natetemeka baridi.

Hakone watu wanacheka, wanacheza na figili, wanagawiana machungwa, lakini chini yake kuna hofu. Barabara ni ya umma, haiwezi kufungwa kutwa nzima. Kwa hiyo kila kituo kina muda: aliyeongoza akishapita, baada ya dakika kumi, kwingine kumi na tano au ishirini, waliobaki kituoni wanaamriwa kuondoka hata kama mwenzao hajafika. Wanapewa mshipi mwingine. Wao wanaondoka, na yule anayekuja anakuta mstari mtupu, mshipi wa chuo bado uko begani mwake na hana wa kumkabidhi.

Nilishuhudia mmoja. Alikuwa anaonekana kabisa, kwenye ile barabara iliyonyooka, labda mita mia. Saa ikahesabu. Mwenzake aligeuka mara mbili akitazama nyuma, bunduki ikalia, akaondoka. Kituo kizima, watu elfu ngapi sijui, kilitoa sauti moja ambayo si ya kushangilia wala ya kulia. Kisha yule kijana alipofika walimpigia makofi kuliko walivyompigia mtu yeyote siku ile.

Mimi naamini ndiyo maana sherehe yao ni kubwa. Ule mshipi unaweza usifike. Kila ukifika, ni furaha ya kweli, hata kwa timu ya kumi na nane. Mwenge hauwezi usifike, Mwalimu. Vani ya Portland ikichelewa mnacheka.

#16 Daktari wa Mifupa Feki

Naomba nipinge. Mnaita sherehe, mimi naita ukatili wenye matarumbeta. Hao ni watoto wa miaka ishirini. Unamwekea mtu mzigo wa wenzake tisa, wazee waliosoma chuo hicho, watazamaji mamilioni, halafu unamwambia akimbie kilomita 20.8 kupanda mlima. Wangapi wanakimbia na mifupa imepata ufa? Wangapi wamefika wanatambaa, runinga ikiwasogelea usoni? Na wengine wakimaliza chuo hawana tena miguu. Mzee akigawa machungwa pembeni hilo halibadiliki.

#17 Mkazi wa Odawara

Hoja yako naipokea, na huku wapo wanaoisema, wakiwemo watu wa riadha wenyewe, kwamba vijana wanamalizikia Hakone badala ya kuanzia hapo. Kocha ana haki ya kumsimamisha mkimbiaji aliyezidiwa, na timu ikisimama njiani matokeo yake yanafutwa. Kwa hiyo unaweza kufikiria kocha anavyosita, na kijana anavyokataa kuguswa.

Ila usiseme hakuna kingine zaidi ya ukatili. Timu inaandikisha watu 16, wanakimbia 10. Wale sita unadhani wako wapi? Wengine ndio wanaompa mkimbiaji maji njiani. Kijana wa mwaka wa nne, amekaa bwenini miaka yote hiyo, jina lake halikusomwa, anasimama kilomita ya 15 na chupa mkononi. Anakimbia naye hatua kadhaa, anampa maji, anampigia kelele sikioni, anabaki nyuma. Mwaka mmoja nilisimama karibu na kituo cha maji. Yule wa chupa alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na mashabiki wa chuo pinzani ndio waliompigapiga mgongoni. Hata wale vijana wa jaketi wanaozuia watu wasiingie barabarani ni wanariadha wa vyuo, wengi wa vyuo ambavyo havikufuzu mchujo wa Oktoba kule Tachikawa.

Sherehe yao imejaa watu waliokosa. Sijui kama hilo linakuridhisha.

#18 Daktari wa Mifupa Feki

Haliniridhishi, lakini nimeelewa kwa nini unaganda huko.

#19 Mama Junior

Wanawake je? Nimesoma uzi mzima nasikia vijana, vijana, wanaume, au siyo. Sisi tunagawa machungwa tu?

#20 Mkazi wa Odawara

Dada yangu, Hakone ni ya wanaume tu hadi leo. Wanawake wa vyuo wana zao: ya taifa inakimbiwa Sendai mwezi Oktoba, na nyingine tarehe 30 Desemba chini ya Mlima Fuji, hiyo nayo inaonyeshwa mubashara. Nzuri sana, mlima mweupe nyuma yao. Ila umati wake si wa Hakone na sitakudanganya.

#21 Mama Junior

Basi kazi bado.

#22 Mzee wa Nyaraka

Nyongeza ndogo kwa Mwalimu wa Manyoni, ataipenda. Hakone ya kwanza ilikuwa Februari 1920, timu nne tu: Waseda, Keio, Meiji na chuo cha ualimu cha Tokyo, na walioshinda ni hao hao walimu. Mwasisi mmojawapo ni Kanakuri Shizo, yule aliyekimbia marathoni ya Olimpiki Stockholm 1912, joto likamzidi, akaishia nyumbani kwa watu na kurudi kwao bila kuwataarifu wasimamizi. Mwaka 1967 Waswidi wakamwalika akamalizie. Muda wake rasmi ni miaka 54, miezi 8 na siku 6, na masaa juu yake.

Sasa hiyo 1920 walianza saa saba mchana, kwa sababu asubuhi wanafunzi walitakiwa kuwa darasani. Mkimbiaji wa kipande cha tano akafika mlimani giza limeshaingia, barabara ya udongo, hakuna taa. Vijana wa vijiji vya Hakone wakatoka na mienge kumwangazia njia hadi juu.

#23 Mwalimu wa Manyoni

NILISEMA MIMI. Mwenge!! Na walimu wakashinda. Naomba uzi ufungwe hapa.

#24 Kitunguu Swaumu

Mwalimu leo halali.

#25 Mpita Njia Nagoya

Usifungwe jamani. Niko Nagoya kimasomo, mwakani nataka kwenda. Mleta mada, nisimame wapi? Nina siku moja tu, tarehe 2, na hela ya mwanafunzi.

#26 Mkazi wa Odawara

Kama ni siku moja, achana na Otemachi. Kule utaona migongo ya watu. Una njia mbili.

Ya kwanza, ufukwe wa Shonan, kipande cha tatu, kati ya Fujisawa na Hiratsuka. Barabara ndefu kando ya bahari, hali ya hewa ikiwa safi Mlima Fuji unaonekana mbele yao, na nafasi ya kusimama ipo. Watu wa kule wanakuja na watoto, wanapika supu kwenye majiko ya gesi, ni pikiniki. Wakimbiaji wanapita saa tano hivi.

Ya pili, mlimani. Treni ya Hakone Tozan inapanda pole pole kutoka Yumoto, na pale Kowakidani reli inakatiza njia ya mbio. Treni ndiyo inayosimama kumpisha mkimbiaji, siyo kinyume chake. Wafanyakazi wa reli wanasimama na bendera, abiria wamebandika pua madirishani, na mkimbiaji akishavuka reli makofi yanatoka pande zote mbili, ndani ya treni na nje. Ukitaka hapo fika mapema mno, na ujue kurudi chini ni foleni ya masaa. Njia inapanda hadi mita 874, kwa hiyo jaketi la Nagoya halitoshi.

Usije Odawara kituoni ukidhani utaingia mbele saa tano, wazee wa hapa wamejitengea mahali pao tangu alfajiri na hawatanii. Maduka mengi ya mtaani yamefungwa mwaka mpya, lakini yale madogo ya masaa 24 yapo wazi na mashine za njiani zinatoa kahawa ya kopo ya moto, nunua mbili, moja ya kunywa na moja ya mfukoni kupasha mikono. Kibendera utapewa bure. Na chungwa ukipewa, pokea kwa mikono miwili.

#27 Mpita Njia Nagoya

Nimechagua mlimani. Jaketi nitaazima kwa Mnorwe wa maabara yetu.